Tupeane uzoefu: kwenu nani anafanya nini, na pesa ya korosho inakaa kwa nani?

Mleta mada, Tandahimba

Ndugu zangu wa Kusini na wengine wote, habari za kutwa. Niko kwenye ndoa mwaka wa 11, watoto watatu, mikorosho 180. Kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ni kazi ya mume wangu na siibezi hata kidogo. Anatoka saa kumi na moja alfajiri kabla upepo haujaamka, anarudi kope zimejaa unga, macho mekundu, anakohoa mpaka mchana.

Mimi nafyeka chini ya miti. Zikianza kudondoka naokota, natenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, naanika, nachambua. Nikifika nyumbani maji yananisubiri, kuni zinanisubiri, na mdogo analia njaa.

Hayo yote sijawahi kuyalalamikia. Kilichonichoma ni msimu wa juzi. Korosho zimeuzwa mnadani, malipo yameingia benki, kwenye akaunti yake, maana yeye ndiye aliyeandikishwa chama cha msingi cha ushirika. Bei niliisikia kwa jirani. Nikamuuliza tumepata ngapi, akanijibu: "Kwani umelala njaa?" Tangu siku hiyo hilo neno halijanitoka moyoni.

Kwenu mmegawanaje? Sizungumzii nani anaosha vyombo tu, nataka pia kujua nani anaijua pesa ilipo. Tuambiane kweli, matusi tuyaache nje.

Bibi wa Newala

Mwanangu, pole. Mimi nina wajukuu tisa, nikwambie nilichokiona. Sisi ukoo wetu ni wa mama. Baba yangu alihamia kwa kina mama, akalima shamba la wakwe, na akizembea mjomba alikuwa anaitwa. Mikorosho ndiyo iliyogeuza mambo. Muhogo ukiung'oa umekwisha, lakini mkorosho unakaa miaka na miaka, na aliyeupanda anasema wangu na wa wanangu. Mwanamke akabaki kuokota.

Na maji pia. Huku juu mlimani tulikuwa tunashuka bondeni usiku wa manane, tunapanda na ndoo kichwani, kunakucha bado tuko njiani. Hakuna mwanaume aliyeyagusa maji. Baiskeli zilipoingia, vijana wakaanza kufunga madumu nyuma na kuyauza. Mzigo ni uleule, bonde ni lilelile. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kazi fulani Mungu kaiumba ya kike.

Mvuvi, Kilwa

Shikamoo bibi. Mimi navua dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali hatuingii baharini, kwa sababu mwanga wa taa zetu hauvuti kitu. Sasa siku hizohizo ndizo za bamvua, maji yanakupwa mbali sana, na mke wangu yuko kwenye mwani kuanzia saa tatu asubuhi mpaka maji yamrudishe. Anafunga mbegu kwenye kamba ameinama, maji ya magotini, jua utosini.

Miaka minne ya mwanzo nilikuwa nalala ukumbini nikimngoja aje apike. Siku moja alirudi, akakaa kizingitini na kanga yake ikichuruzika, akajaribu kufungua fundo la kamba, vidole vikagoma kukunjuka. Akanipa mkono nimnyooshee. Nilivinyoosha kimoja kimoja. Sikulala tena ukumbini.

Siku za bamvua jikoni ni kwangu. Nakuna nazi, napika samaki, nawaogesha watoto. Mtaani walisema nimelishwa limbwata. Mama yangu mzazi alikuja kuniuliza machozi yakimlenga kama nimerogwa. Nikamwonyesha jedwali langu la mwezi, nikamwambia: mama, hizi siku mimi niko bure na yeye hayuko bure. Hakukubali siku ile. Sasa hivi anakuja yeye mwenyewe kula.

Pesa ya mwani ni ya mke wangu, anaweka VICOBA, kikundi chao cha kuweka na kukopa. Sijawahi kumwomba hesabu. Ya dagaa tunahesabu wote wawili kitandani.

Mchangiaji, Lindi mjini

Mimi nasema wazi: mwanaume alete, mwanamke apike. Hata sheria imemtwika mume kumtunza mke.

Msaidizi wa kisheria, Nachingwea

Kaka, kifungu umekipatia nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, kweli inampa mume wajibu wa kumtunza mke. Hapohapo inasema mume akishindwa kwa maradhi ya mwili au akili, na mke ana uwezo, wajibu unahamia kwa mke. Na kuhusu mali, mwaka 1983 Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa kwenye ndoa. Kupika na kulea kunahesabika. Dada mleta mada ameongeza na shamba juu yake! Wanawake wengi wanaokuja kwangu hawalijui hili mpaka ndoa imeshavunjika, na inaniuma kila mara.

Mama wa Masasi

Wangu aliuza kangomba, yaani kwa mlanguzi kabla ya mavuno, mwezi wa nane, mikorosho ikiwa bado maua. Hakuniambia. Niliokota msimu mzima korosho ambazo si zetu. Siwezi kuandika zaidi.

Mleta mada, Tandahimba

Mama wa Masasi, nimelia nawe. Pole sana mwenzangu.

Wiki imepita, narudi na mrejesho. Nilimsomea mume wangu ya mvuvi, kwa sauti, watoto wamelala. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: msimu ule wa juzi alikuwa anadaiwa pesa ya vibarua na ya mashine ya kupulizia, na nusu ya malipo ilikwenda huko. Aliona aibu kusema. Miaka miwili nilikuwa nadhani kuna mwanamke mahali.

Jumapili tukawaita mjomba wake na mjomba wangu, tukakaa mkekani. Wazee walitusikiliza wote wawili bila kumkata mtu. Tumekubaliana benki tunakwenda pamoja, madeni yanatajwa kabla ya msimu, na miti 60 ya upande wa barabarani inaandikwa jina langu. Maji atachota yeye kwa baiskeli miezi yote ya kuokota. Bibi wa Newala, hilo limetoka kwako.

Jumamosi tunakwenda chama cha msingi na vitambulisho vyetu. Leo kanizibia pancha baiskeli yangu ya zamani, kasema hanipakii nyuma siku hiyo, niende na yangu.

Wengine endeleeni kuandika, nasoma kila usiku.