Naomba ushauri: saratani ya tezi dume ya baba imefika kwenye mifupa
Ndugu zangu, baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliteseka na maumivu ya kiuno kwa miezi mingi tukidhani ni uzee, hadi kipimo cha PSA (kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume), kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye tezi dume na picha ya mifupa vilipoonyesha kwamba saratani imesambaa hadi uti wa mgongo na nyonga. Daktari ametueleza kwamba haitapona kabisa, ila inaweza kudhibitiwa kwa kuzima homoni ya kiume, ama kwa sindano za kila baada ya miezi 3, ama kwa upasuaji wa kuondoa korodani, ambao hufanyika mara moja tu lakini baba anauona kuwa ni fedheha. Mliouguza mzee wa namna hii, mlizungumza naye vipi? Na kama alipigwa mionzi ya siku moja kwenye mifupa, ilimtuliza maumivu? Tumeshaonywa kwamba miguu ikianza kulegea tumkimbize hospitali siku hiyo hiyo.