Naomba ushauri: mtoto wa tarehe 20 Machi, nyota yake ni Samaki au Punda?

Habari zenu wakuu. Binti yangu alizaliwa Dar es Salaam tarehe 20 Machi 2024. Gazeti moja linaandika Samaki inaishia tarehe 20, jingine linasema Punda inaanza siku hiyohiyo. Mama mkwe anashikilia Punda, na anataka jibu kabla hajaenda kwa mtu wake wa falaki.

Nilichokwishaelewa ni hiki: jua halifuati kalenda yetu. Mwaka wake ni siku 365 na karibu saa 6, kwa hiyo kila mwaka linaingia Punda saa 6 hivi baadaye, halafu mwaka mrefu unalirudisha nyuma. Mwaka 2023, kwa saa za kwetu, liliingia saa 6 na dakika 24 usiku wa kuamkia tarehe 21, wakati London bado ni tarehe 20. Mwaka 2024 likaingia tarehe 20, saa 12 na dakika 6 asubuhi. Kadi ya kliniki inaonyesha mtoto alitoka saa 11 na dakika 40 alfajiri. Kwa hesabu yangu ni Samaki, kwa tofauti ya dakika 26 tu!

Wajuzi, naomba mnisaidie: wanafalaki wa pwani nao huhesabu hivi, au wanatumia jina la mtoto na la mama? Na huyu bibi nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima? Nampenda sana, sitaki tukwaruzane.