PHQ-9 au SDQ kwa wanafunzi wa sekondari: tunajuaje kama dodoso linafaa?

Mshauri_Kisauni

Habari zenu wakuu. Tunapanga kuchuja wanafunzi wapatao 400 wa kidato cha pili na cha tatu, Mombasa na Kilifi, shule za kutwa na za bweni. Watajaza wenyewe kwenye karatasi. Mfadhili anataka PHQ-9, dodoso la maswali tisa ya sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), kwa kuwa ni fupi. Mwenzangu ameshikilia SDQ, dodoso la shida za watoto kwa jumla, kwa kuwa inagusa na tabia. Katika majaribio alfa ya Cronbach ya PHQ-9 (kipimo cha jinsi majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja) imetoka nzuri, na wapo wanaosema hapo tumemaliza, tuingie kazini. Mimi sijaridhika. Tuangalie nini kabla ya kusema chombo kinafaa kwa watoto hawa? Na alama ya mpaka, yaani ya kuanzia kumhesabu mtoto kuwa huenda ana sonona, ibaki 10?

TakwimuTamu

Usiridhike. Alfa inakuambia maswali yanakwenda pamoja, haikuambii yanakwenda wapi. Waulize watoto maswali tisa ya uchovu, alfa itapanda vizuri sana na sonona hujaigusa. Kinachotakiwa ni kulinganisha dodoso na mahojiano ya kitabibu, yafanywe na mtu aliyefunzwa ambaye hajui mtoto alipata alama ngapi, tena ndani ya siku chache. PHQ-9 inauliza wiki mbili zilizopita tu. Mhojaji akija baada ya mwezi, unalinganisha vipindi viwili tofauti halafu unalilaumu dodoso.

Hiyo 10 ilitoka kwa watu wazima (Kroenke na wenzake, 2001). Marekani walipoijaribu kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 (Richardson na wenzake, 2010), mpaka uliofanya vizuri ulikuwa 11: unyeti 89.5% (wenye sonona walionaswa), umahususi 77.5% (wasio nayo walioachwa kwa haki). Namba zinapendeza hadi uzipeleke darasani. Chukua wanafunzi wako 400, tuseme 40 kweli wana sonona. Dodoso litawanasa kama 36. Katika 360 wasio nayo, litawanyooshea kidole 81 bure. Mkononi una orodha ya watoto 117, na wenye sonona hawafiki hata thuluthi. Lakini katika 283 waliobaki chini ya mpaka, ni wanne tu waliokuponyoka.

Kwa hiyo linajua sana kusema nani hana, halijui kusema nani anayo. Sasa swali la mfadhili: hao 117 wataonwa na nani? Mshauri mmoja akihoji sita kwa siku, hiyo ni kazi ya siku 20 za shule. Kama mshauri huyo hayupo, pandisheni mpaka mkijua wazi mnawaacha wengine, au msianze kabisa. Kumwambia mtoto ana dalili kisha kumwacha hapo ni vibaya kuliko kutomuuliza.

Tafsiri msitunge yenu. Mwaka 2023 Journal of Adolescent Health ilichapisha tathmini ya PHQ-9 ya Kiingereza na Kiswahili kwa vijana wa Kenya, ikilinganishwa na mahojiano. Anzieni hapo.

DadaNafsi

Naongezea upande wa maswali yenyewe, maana hapo ndipo shule za bweni zinapoharibu hesabu.

Swali la 3 ni la usingizi. Mtoto anayeamshwa na kengele alfajiri kwenda prepu ataweka 3 (karibu kila siku; kila swali lina alama 0 hadi 3) hata kama roho yake imetulia. La 4, uchovu, linafuata mkondo huohuo. La 5 ni hamu ya kula: mkipima Pwani ndani ya Ramadhani, alama zitapanda kwa sababu ya saumu na daku. Hapo mtoto ameshafika 6 au 7 bila huzuni yoyote. Angalieni ratiba msiguse wiki za mitihani, na katika uchambuzi msitazame jumla peke yake. Linganisheni swali kwa swali kati ya bweni na kutwa, wasichana na wavulana. Watoto wenye kiwango kimoja cha huzuni wakijibu swali la 3 tofauti kwa sababu tu ya mahali wanapolala, swali hilo lina upendeleo, na kusema "shule za bweni zina sonona zaidi" ni kujidanganya.

Swali la 7 katika toleo la watu wazima linataja kusoma gazeti au kutazama televisheni. Tumieni toleo la vijana, PHQ-A, linalotaja kazi za shule. La 8 linauliza mambo mawili yanayopingana kwa pamoja, kuwa mzito au kutotulia, na vijana wengi hujibu nusu moja tu.

Kabla ya kuchapisha, kaeni na wanafunzi kama kumi, mmojammoja. Akiweka 2, muulize: "Umeweka 2 kwa nini? Ulikuwa unafikiria siku gani?" Mtaona "siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku hizo" zinavyochanganywa. Chora siku 14 ubaoni, waonyeshe nusu inapoishia, na maelezo yawe hayohayo kila darasa.

SDQ si mpinzani wa PHQ-9. Ina maswali 25 katika makundi matano, na toleo la kujijazia ni la miaka 11 hadi 17. Jumla ya shida, 0 hadi 40, inatoka kwenye makundi manne. Lile la kusaidia wengine halijumlishwi. Ukitaka sonona, PHQ-9. Ukitaka picha pana pamoja na utundu na marafiki, SDQ, ila 20 kuendelea kuitwa "si kawaida" kulitokana na watoto wa Uingereza. Pia maneno yake hamruhusiwi kuyabadilisha, na kuiweka kwenye simu au tableti kunahitaji leseni. PHQ-9 haina masharti hayo.

Mtego mkubwa wa SDQ ni maswali ya 7, 11, 14, 21 na 25, yanayohesabiwa kinyume. Karani akisahau kuyageuza, mtoto mwenye rafiki wa karibu anaonekana mgonjwa. Swali likienda kinyume na jumla ya kundi lake, hapo ndipo pa kuchungulia kwanza.

Mshauri_Kisauni

Asanteni sana. Bajeti ya mahojiano ni ya wale wa alama za juu tu. Haitoshi kutathmini?

TakwimuTamu

Haitoshi, mkuu. Ukiwahoji wa juu tu, hutakutana na hata mmoja aliyeponyoka, kwa hiyo unyeti utatoka 100%. Hiyo si sifa ya dodoso, ni matokeo ya ulivyochagua wa kuhoji.

Chukua na wa chini pia. Wahoji wote waliovuka mpaka na mmoja kati ya kila watano wasiovuka, aliyechaguliwa kwa bahati nasibu. Kila mgonjwa utakayemkuta chini mhesabu kama watano. Ukikuta wawili, maana yake ni kama kumi walikuponyoka. Na 400 ni wachache: ukitarajia unyeti wa 85% na kosa la pointi 10 kila upande, unahitaji wenye sonona halisi 49, yaani wanafunzi kama 490 ikiwa ni mmoja kwa kumi. Mpaka mtakaouchagua kwenye data hiyohiyo utaonekana bora kuliko ulivyo, kwa hiyo ujaribuni shule nyingine.

BahariShwari

Hakuna aliyegusa swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hilo halisubiri jumla. Mtoto mwenye jumla ya 4 anaweza kuwa ameweka 1 hapo, na kwenye hesabu za mpaka hatajulikana kamwe. Karatasi zisizo na kitambulisho chochote kwa hiyo hazifai. Tumieni namba, na orodha ya majina ashike mtu mmoja. Hilo waambieni watoto na wazazi mapema, kwenye fomu ya idhini, msije mkaahidi siri msiyoweza kuitunza.

Mwalimu wa zamu atoke nje, madawati yaachane, kiranja asikusanye karatasi. Kabla hamjaondoka shuleni, wawili wapitie swali la 9 peke yake, karatasi zote, hata zilizojazwa nusu. Yeyote aliyeweka 1 au zaidi aonwe siku hiyohiyo na mshauri, na mwenye mpango au njia ya kujidhuru asiachwe peke yake hadi apelekwe hospitali. Msimwite peke yake kwa jina mbele ya darasa. Mwiteni pamoja na wengine watano sita waliochaguliwa ovyo, bwenini wasijue ni nani aliyetafutwa.