Hivi kuta za mipakani zimewahi kusaidia kweli kwenye historia?

Kizota_Kwetu:
Wakuu habari za jioni. Huku Dodoma kijiweni kwetu ubishi umepamba moto, jamaa mmoja anasema ukuta wa mpakani ni kutupa hela tu, toka enzi za Wachina hakuna uliowahi kumzuia adui. Mi nikamwambia haiwezekani watu wajenge miaka na miaka kitu kisichofanya kazi. Nani yuko sahihi? Nataka mifano, siasa za sasa hivi tuziache.

mzee_wa_ramani:
Mkuu, ule wa China mnaouona kwenye picha mwingi ni wa utawala wa Ming, na walikaza kuujenga baada ya mfalme wao kutekwa na Wamongolia 1449. Sasa cheki, 1550 Altan Khan, mkuu wa Wamongolia, akapita hivyohivyo mpaka viunga vya Beijing anapora tu. Kilichomtuliza ni 1571 walipokubali kumfungulia masoko alete farasi aondoke na vitambaa, maana wale jamaa walikuwa wanataka biashara, ukiwanyima wanakuja kujichukulia. Na 1644 Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki nje ya ukuta, hawakuuvunja, jenerali Wu Sangui wa Ming ndo aliwafungulia geti pale Shanhaiguan, Beijing ilishatekwa na waasi wa humohumo ndani na mfalme kashajinyonga.

Mnyalu_wa_ukweli:
China mbali kote huko mnafuata nini, Kalenga si ipo hapo Iringa. 1891 Wahehe walimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, porini, hakuna ukuta wala nini. Oktoba 1894 Wajerumani wakaifuata ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, hapo Kalenga na mizinga, ukuta wa mawe na yote, wakaingia. Mwenyewe akatoka akarudi porini na wakahangaika naye mpaka 1898. Mi naona ukuta ulimponza, ulimpa adui sehemu ya kulenga.

Nzuguni2:
Hiyo ni ngome, mwenzio kauliza mpaka.

Mifano ya mpaka ipo. Morocco kati ya 1980 na 1987 walijenga tuta la mchanga na mawe huko Sahara Magharibi, kama kilomita 2,700, na mabomu ya kutega ardhini, na mashambulizi ya Polisario, wapiganaji wanaodai uhuru wa Sahara Magharibi, yakapungua sana. Ila askari wako hapo mpaka leo, ukiwatoa linabaki tuta la mchanga. Halafu Wafaransa, 1957, waliweka fensi ya umeme kati ya Algeria na Tunisia, wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria, wakafa wengi wakijaribu kuvuka na silaha. Fensi ilifanya kazi kabisa. 1962 Algeria ikapata uhuru vilevile, maana kilichokuwa kinawaondoa Wafaransa hakikuwa kinapita pale kwenye fensi.

Kizota_Kwetu:
Sasa mkuu hapo umemuunga mkono nani? 😂

Nzuguni2:
Inategemea unamzuia nani. Si unazijua tembe za Wagogo, nyumba inazunguka uwanja, ng'ombe wanalala katikati? Ile haikukusudiwa jeshi lenye mizinga, ni ya vijana wanaokuja usiku kubeba ng'ombe, na kwa hilo inatosha kabisa.

Mnyalu_wa_ukweli:
Si wanachoma tu?

Nzuguni2:
Paa la tembe ni udongo mkuu, sio nyasi. Choma sasa.