Viroba vya mchanga kwenye utoro wa bwawa letu: ni nani aliyeruhusu?

Wadau, naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kijiji chetu kipo mashariki mwa Mkoa wa Dodoma, chini ya bwawa dogo la udongo lililojengwa ili kutuliza maji ya korongo yaliyokuwa yakisomba mashamba ya mtama na alizeti na kukata barabara. Kazi yake ilielezwa waziwazi kwenye mkutano wa kijiji: bwawa likae na nafasi, mvua kubwa ikinyesha lipokee maji, kisha liyaachie polepole kupitia bomba lililolazwa chini ya tuta. Leo bomba hilo limefungwa, na kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawani, vimepangwa viroba vya mchanga hadi usawa wa kiuno, ili maji yabaki mengi kwa bustani za wachache wenye pampu.

Wenye bustani siwalaumu kwa kutaka maji, kwani Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na mvua yenyewe kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ninaowalaumu ni wataalamu waliopita pale, wakaviona viroba, wakaondoka kimya. Wao wanajua kuliko sisi kwamba tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake: huanza kumomonyoka upande wa nyuma, ule usioshika maji, na likishakatika, mpasuko hupanuka kwa muda mfupi mno. Utoro ndio kinga ya tuta, na kuupandisha ni kuila ile nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mafuriko. Isitoshe, migunga imeachwa iote tutani, ilhali mizizi ikioza huacha njia za maji, na upande wa chini kuna mahali panapochuruzika hata kiangazi. (Siku mchuruziko huo utakapotoka na tope, yaani udongo wa tuta lenyewe, hatutakuwa na haja ya mkutano mwingine.)

Mtendaji anasema bwawa ni la halmashauri; halmashauri inatuelekeza kwenye bodi ya bonde, inayosimamia maji ya eneo letu; huko nako tunaulizwa mmiliki ni nani, kana kwamba sisi ndio tuliopokea mradi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inagusa pia usalama wa mabwawa, lakini itamshika nani ikiwa mmiliki hajulikani? Jirani zetu wa Kilosa wanalikumbuka Bwawa la Kidete, lililobomoka katika mvua za El Niño za 1997/98, na sote tuliona Reli ya Kati ilivyosombwa kati ya Kilosa na Gulwe kwa mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010.

Tunataka viroba viondolewe na bomba lifunguliwe kabla mvua hazijaanza, na mhandisi aje kukagua mchuruziko ule. Mwenye nakala ya mchoro wa ujenzi, au anayejua ni ofisi gani iliyotia saini kuupokea mradi huu, aiweke hapa.