240Z ya 1972, bloku imepasuka: niweke L28 au RB25?

Zedi_Ngara

Mafundi, hamjambo. Gari ni Datsun 240Z ya 1972, usukani kulia, gia tano. Bodi haijawahi kugongwa, ila sakafu upande wa dereva ina kutu na tundu moja linalopitisha ngumi. Injini yake ya L24 imepasuka ukuta wa silinda ya nne, maji yanaingia kwenye oili. Kabureta mbili za SU, zile za kifuniko cha duara, ni nzima.

Kuna injini mbili sokoni. Ya kwanza ni L28 huko Grogan, Nairobi, muuzaji anasema imetoka kwenye Nissan 280C ya otomatiki. Ya pili ni RB25DET, yenye turbo, ya Nissan Skyline R33 pamoja na gia boksi, waya na kompyuta yake, na bei ni karibu mara tatu. Gari ni la wikendi, Naivasha na kurudi. Gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973, kwa hivyo sipendi kulikatakata.

Je, L28 inaingia kweli bila kukata kitu? Na nitajuaje kwamba si L24 iliyogongwa namba nyingine?

Kabureta_Mbili

Chukua L28. Inaingia kwa sababu L24, L26 na L28 zina bloku za kimo kimoja: maunting zinakaa palepale, gia boksi inafungwa kwa boliti zilezile, na manifoldi ya SU zako inakubali. Kazi inaharibikia kwenye vitu vidogo ambavyo watu hudhani vinafanana.

Kwanza namba. Imegongwa upande wa plagi, chini tu ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda), karibu na silinda ya sita. Pitisha kidole: mahali palipopigwa grainda hubonyea na huwa laini kuliko chuma cha pembeni. Hata namba ikiwa safi, mwombe muuzaji afungue hedi, kisha pima silinda kwa kalipa. L28 ni mm 86. L24 na L26 zote ni mm 83, na hata ukizichonga mm 1 hazifiki huko. Akikataa kufungua hedi, ondoka.

Kabla ya kufungua, pima kompresheni. Kitabu cha L28 kinataja psi 170 na zaidi, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Nairobi presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa, kwa hivyo psi 140 hapa ni injini yenye afya. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa.

Hedi ya L inatolewa kwa adabu. Kabla ya kulegeza boliti ya sproketi ya kemshafti, chonga kabari ya mbao ngumu, ifunge waya ili isiangukie ndani, kisha ishushe katikati ya pande mbili za cheni mpaka ikaze. Kabari hiyo ndiyo inayoshikilia tenshena, yaani kikazio cha cheni. Usipoiweka, kipistoni cha tenshena kinaruka nje, na hakirudi mpaka ufungue kava yote ya mbele. Kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili. Na vile vishikio vya kemshafti juu ya hedi vilichongwa pamoja na hedi hiyo. Usivichanganye na vya hedi nyingine hata kama vinafanana kwa macho, kemshafti itabana na kuvunjika.

Kwa kuwa injini ni ya otomatiki, nyuma ya krenki hakuna bushi ya paileti, ile inayoshika ncha ya shafti ya gia. Toa pleti ya otomatiki na kishikizo chake, weka bushi mpya, halafu flaiwili ya L24 yako. Ukisahau bushi, shafti ya gia inacheza, klachi inatetemeka, na beringi ya mbele ya gia boksi inakufa mapema.

Sasa klachi, na hapa wengi wameteseka. Ile kola inayobeba beringi ya klachi huenda na presha pleti, haiendi na gia boksi. Ukinunua presha pleti ya gari lingine, kola ya zamani inakuwa fupi au ndefu. Ikiwa fupi, klachi haikatiki. Ikiwa ndefu, inateleza. Funga presha pleti kwenye flaiwili, weka kola na beringi yake juu ya vidole vya presha pleti, pima kutoka uso wa flaiwili hadi uso wa beringi: iwe karibu mm 92. Pima injini ikiwa bado chini, maana baadaye ni kushusha gia boksi tena.

Sampu (karai la oili) ya gari la saluni kama 280C haitakubali krosimemba ya Z, ile boriti iliyo chini ya injini. Hamisha sampu ya L24 pamoja na bomba lake la kufyonzea oili. Vyote viwili, kwa sababu bomba la saluni linaweza kugusa sakafu ya sampu ya Z au kukaa juu mno. Gasketi ya hedi iwe ya L28. Ya L24 ina matundu madogo, ukingo wake unaingia ndani ya silinda na kuungua.

Turbo_Thika

Ndugu Zedi, hesabu hii ifanye kabla hujalipa. L28 ni cc 2,753, lakini kwa hewa ya Nairobi inavuta kama lita 2.26 za hewa ya Mombasa. Yaani hata baada ya kazi yote hiyo bado uko chini ya L24 iliyo pwani. Turbo ndiyo inayorudisha hewa tunayokosa huku juu, ndiyo maana RB25DET ina mantiki yake.

Ila bei ya injini si bei ya kazi. Utatengeneza maunting mpya na krosimemba ya gia boksi, propela ikatwe na kubalansiwa, pampu ya petroli ya sindano (injekta) yenye presha ya baa 3, na tangi dogo la akiba, kwa sababu tangi la Z halina vizuizi vya ndani vya kutosha: kona ndefu tangi likiwa robo, pampu inavuta hewa na injini inakosa petroli ikiwa kwenye busti, yaani turbo ikisukuma hewa. Radieta kubwa, intakula (kipoza hewa ya turbo) na mabomba yake mbele. Difu ya R180 itaomba kubadilishwa na R200, na breki za mbele vilevile. Kama huna bajeti mara tatu ya injini yenyewe, usianze. Gari lililofunguliwa nusu huoza likiwa limeegeshwa.

Welda_Kariobangi

Mnabishana injini, na sakafu ina tundu. Bodi kwanza.

Kutu ya Z haianzii pale unapoiona. Inua zulia na lami ya kuzuia kelele yote, kisha gonga kwa nyundo ndogo reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Sauti ya bati zima ni kali; iliyooza inajibu kama debe lenye mchanga. Angalia pia chini ya betri, maana asidi inashuka kwenye ukuta wa injini hadi kwenye reli ya upande huo. Kona za chini mbele ya magurudumu ya nyuma. Na ukingo chini ya mlango wa nyuma. Minara ya shokomzoba ikiwa na kutu, simamisha kila kitu mpaka ikaguliwe.

Bati liwe la mm 1.2, si lile jembamba la mabati ya nyumba. Kata mpaka ufike chuma cheupe, kwa sababu welding haishiki kwenye chuma kilicholiwa nusu. Toboa matundu ya mm 8 kila sentimita 3 hivi, ujaze kwa MIG (welding ya waya), ukirukaruka huku na huku ili bati lisijikunje. Usikubali shaba wala gesi kwenye reli, na usikubali filla juu ya tundu. Maji hukaa nyuma yake na mwaka mmoja baadaye kipande kinadondoka.

Na jambo moja kubwa: kabla ya kukata sakafu, funga vyuma viwili vya kushikilia kati ya nguzo za milango, kisha pima mwanya wa mlango juu na chini. Gari likiwa kwenye jeki bila sakafu hujipinda, na ukishaweld mlango hautafunga tena. Pima tena kabla ya kila welding ya mwisho.

Zedi_Ngara

Asanteni sana. Basi ni L28, baada ya sakafu. Dada Kabureta, hedi yangu ya L24 ni ya aina ya E31. Niiweke juu ya L28 au nitumie iliyokuja nayo?

Kabureta_Mbili

Inategemea pistoni. Tazama ukiwa umefungua. Pistoni zenye shimo juu pamoja na hedi ya N42 hutoa uwiano wa kompresheni wa kama 8.3, na E31 inaongeza kidogo tu kwa sababu chumba chake si kidogo sana kuliko cha N42. Lakini valvu za E31 ni mm 42 na 33, za N42 ni 44 na 35, kwa hivyo unapoteza upumuaji kwa faida ndogo. Tumia N42 ikiwa ndiyo iliyopo. Ukikuta pistoni bapa na hedi ya P79 au P90, hiyo ni karibu 8.8, iache ilivyo. Pistoni bapa na N42 inapita 10; huku juu inavumilika, lakini ukishuka Mombasa na petroli ya kawaida injini itagonga.

Hedi ya injini ya sindano haina pampu ya petroli inayosukumwa na kemshafti. Hamisha ile kamu ndogo ya pampu kutoka mbele ya kemshafti ya L24, ama weka pampu ya umeme ya presha ndogo, psi 3 hadi 4. Zaidi ya hapo sindano za floti za SU zinashindwa na petroli inamwagika.

Shafti ya pampu ya oili ndiyo inayozungusha distribyuta, kwa hivyo ikikosewa jino moja, taimingi haipatikani hata ukizungusha distribyuta hadi mwisho. Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, chungulia tundu la distribyuta: ulimi wa shafti ulale kwenye mstari wa tarakimu 11 hadi 5 za uso wa saa, na nusu duara ndogo ielekee mbele ya gari. Mpangilio wa plagi ni 1-5-3-6-2-4.

Hedi ikaze kwa awamu tatu, Nm 40, 60, kisha 80, ukianzia katikati kwenda nje. Kama kemshafti imechongwa upya, jaza oili ya 20W-50 yenye zinki, na ikiwaka tu ipandishe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika 20. Usiiache sailensa (mizunguko ya chini bila kukanyaga mafuta) wakati huo.

SU anza na nati ya mchanganyiko mizunguko miwili na nusu chini. Kwa mwinuko wetu huenda ukairudisha juu nusu mzunguko. Soma plagi, zikiwa nyeusi na kavu bado petroli ni nyingi. Taimingi jumla anza nyuzi 34 kwenye mizunguko 3,000.

Kuhusu karatasi, dai risiti ya injini na nakala ya hati zake za kuingia nchini kabla hujalipa, kisha ombi la kubadilisha injini lipeleke NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen na upeleke gari likakaguliwe. Baada ya kilomita 1,000 kaza hedi tena, na pima valvu injini ikiwa moto: mm 0.25 za kuingiza, 0.30 za kutoa.