Bi mkubwa anakuja Australia mwezi wa kumi, nimpeleke wapi huko vijijini? Magoti yake hayataki mlima

mwana_pangani:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Melbourne nasoma, mwaka wa tatu huu, na Mungu akipenda bi mkubwa anakuja kunitembelea wiki tatu. Mjini nishajipanga ila yeye kila nikipiga simu wimbo ni uleule, "maghorofa hata Dar yapo, mimi nionyeshe kangaruu na wenyewe wa hiyo nchi." Sasa mimi nje ya Melbourne nimefika Geelong tu na nilienda kibarua. Ana miaka 64, nguvu anazo, tambarare nusu saa anatembea huku anakusimulia, ngazi ndo kesi. Nina siku nne, naendesha mwenyewe, mfuko wa mwanafunzi mnaujua. Watu wananitajia milima ya Grampians, panamfaa au ni pa vijana wa mabegi mgongoni? Na chakula cha halali huko kikoje?

mzee_wa_safari:
Mpeleke Uluru. Kukaa Australia bila kuuona ule mwamba ni kazi bure.

kahawa_chungu:
@mzee_wa_safari mkuu ramani umeiangalia kweli? Melbourne mpaka Uluru kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, yaani ni kama Dar Mwanza uende na urudi halafu ndo umefika, bado kurudi tena. Kwa ndege sawa ila hiyo tiketi ya watu wawili mwanafunzi atakula nini. Na ule mwamba kupanda marufuku tangu Oktoba 2019, wenyewe Waanangu waliomba miaka mingi watu waache.

dada_wa_horsham:
Mdogo wangu mimi naishi huku upande wa Horsham mwaka wa sita sasa, Grampians ni kama uani kwangu, msikilize dada yako. Panamfaa sana mama ila usifuate ratiba ya vijana. Wao wakifika tu wanakimbilia kilele cha Pinnacle, pale ni kupanda mawe karibu kilomita mbili kwenda tu, mwache mama chini utamkuta kanuna. Nyie nendeni vituo vya kutazamia vya Boroka na Reed, gari linafika juu kabisa, unashuka hatua chache unaona bonde lote na ziwa kule chini. Maporomoko ya MacKenzie yana njia mbili, usije ukakosea, moja inashuka mpaka kwenye maji na ngazi zake ni balaa wakati wa kurudi, nyingine inaenda kwenye kituo cha kutazamia kwa juu, hiyo ndo ya mama. Kiingilio hakuna, hifadhi ni bure.

Kangaruu usihangaike kuwatafuta. Laleni kijiji cha Halls Gap, jioni jua likipoa tokeni nyuma ya maduka kwenye uwanja wa mpira, wapo wamejaa wanakula majani kama mbuzi wa jirani. Asiwalishe tu.

Wenyewe wa milima ile ni Wadjab Wurrung na Wajardwadjali, na milima wanaiita Gariwerd, utaona majina yote mawili kwenye vibao. Mpeleke kwa Bunjil karibu na Stawell, ni pango dogo limechorwa muumba wao na mbwa wake wawili pembeni, kutoka gari lilipo ni dakika chache. Limewekewa wavu kwa sababu watu hawana adabu walikuwa wanachafua. Mimi mara ya kwanza nilisema ah ndo hiki tu? Halafu nikakaa kimya pale nusu saa nzima sijui hata kwanini. Kule kaskazini kuna Gulgurn Manja, alama za viganja ukutani, vingi ni vya watoto, njia fupi ila ina mawe mawe, mshike mkono. Kugusa michoro hapana.

Mwezi wa kumi ni mzuri maua ya porini yanakuwa yamechanua, ila asubuhi baridi, mnunulie sweta kabisa usimsikilize akisema anayo. Na kuna ndege mweusi na mweupe wanamwita magpie, msimu huo ana makinda anashambulia vichwa vya watu, mama akivaa kofia au mtandio mzito poa. Halafu moto wa Desemba 2024 na ule wa mwanzoni mwa 2025 uliunguza sehemu kubwa ya hifadhi, kwahiyo kabla ya kutoka ingia tovuti ya Parks Victoria uone njia zipi zimefungwa, na apu ya VicEmergency weka kwenye simu.

baba_shaban:
Naongezea la gari maana mimi nimelipia ada. Ukifika jioni PAKI. Niligonga kangaruu saa kumi na mbili na nusu jioni na gari la kukodi, nilikuwa na bima nikajua nimepona, kumbe kuna ile hela ya kwanza unatoa mwenyewe kabla bima haijaingia, sitaji kiasi mke wangu anapita humu. Soma hicho kipengele kabla ya kusaini. Halali beba kutoka Footscray hapo hapo Melbourne, nyama iliyopikwa kwenye kisanduku cha barafu na mchele, chukua nyumba yenye jiko. Jikoni za migahawa huko saa mbili usiku zishafungwa.

mtoto_wa_pwani:
Jina lako mwana_pangani, mna uvuvi kwenu?

mwana_pangani:
Ndio mkuu marehemu mzee alikuwa mvuvi, na bi mkubwa ndo alikuwa anauza samaki. Mbona umeuliza?

mtoto_wa_pwani:
Basi milima mpe siku moja na nusu, zilizobaki shuka naye kusini kupitia Dunkeld na Hamilton mpaka Budj Bim. Huko ndo kwenye kitu chake. Wagunditjmara walichimba mifereji kwenye mawe ya volkano na kujenga kuta, maji yakija na mikunga wanaielekeza kwenye mabwawa inakaa humo inanenepa, na pale mfereji unapobana wanatega vikapu vya kusuka. Kwetu tungesema wando (uzio wa kunasia samaki) na dema (mtego wa kusuka) zimekutana! Umri wake miaka 6,600. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2019, ya kwanza Australia kuingia kwa utamaduni wa wenyeji peke yake. Mkunga wao wanamwita kooyang. Nendeni pale ziwa Tae Rak, weka nafasi mapema mpate mwongozaji Mgunditjmara, ndo mama atakutana na wenyewe anaowataka, sio kibao.

Mkirudi piteni Tower Hill kati ya Port Fairy na Warrnambool, ni volkano iliyozimika mnaingia na gari mpaka ndani ya shimo lake, koala juu ya miti na emu, ndege kama mbuni, wanatembea. Chakula ficheni, wale emu ni wezi.

kahawa_chungu:
Siku nne zinatosha hiyo, mkienda piteni Ararat pale Gum San, makumbusho ya Wachina, hao wa 1857 walishukia bandari ya Robe jimbo la jirani kukwepa kodi ya pauni kumi ya Victoria wakatembea kwa miguu mpaka wakaangukia dhahabu. Nusu saa tu.

mwana_pangani:
Aisee sikutegemea. Nimempigia sasa hivi nikamweleza mitego ya mikunga, milima hata hakuuliza. Kauliza vikapu wanasuka kwa nini, ukindu au mianzi, sikuwa na jibu, kasema basi atawauliza mwenyewe mimi nitafsiri, na anataka kuwabebea kipande cha ukili kutoka nyumbani. @mtoto_wa_pwani ukili uliokaushwa uwanja wa ndege wataupitisha kweli?

dada_wa_horsham:
Ukili hapana! Ni mmea huo, asipoutaja kwenye ile karatasi ya kuingilia atapigwa faini, akiutaja watauangalia na wanaweza kuuchukua. Mwambie apige picha anavyosuka, au video kabisa.